Chura wa Kihansi Ndani ya Bronx: Hotuba kwa Walimu na Vijana wa Klabu za Mazingira

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na nyinyi vijana mliokaa huku mbele: shikamooni kwa wakubwa, na wadogo habari za asubuhi.

Mada niliyopewa ni bustani za wanyama za mijini na kazi yake katika elimu ya uhifadhi. Ni mada pana. Ningeweza kuwazungusha kuanzia Vienna, ambako bustani ya Schönbrunn imekuwapo tangu 1752, nikapita London iliyofungua yake mwaka 1828, na mwisho wa saa mngetoka hapa na orodha ya miji kichwani. Leo nitakaa na bustani moja tu, ile ya Bronx, jijini New York. Niliitembelea na kuikagua kwa jicho la mwalimu. Na ndani yake kuna kipande cha historia ya Tanzania ambacho watoto wetu wengi hawakijui. Hilo linaniuma, na sitalificha.

Msimamo wangu nautoa mapema ili atakayetaka kunipinga ajiandae. Kumwonyesha mtu mnyama si kumfundisha uhifadhi. Anayepanda basi la Iringa humwona twiga Mikumi kupitia dirishani, tena bure, kisha hurudi kwenye simu yake. Ameona, lakini hakuna alichojifunza. Bustani ya wanyama hufundisha pale inapomshika mkono mtazamaji na kumpeleka, kwa fikra, hadi mahali mnyama yule alikotoka, kwa watu wanaoishi naye, na kwenye sababu zinazomfanya apungue. Ikishindwa hapo, basi ni mahali pa matembezi ya Jumapili, hata kama ukutani kumejaa maandishi mazuri.

Tuanze na bustani yenyewe. Bronx ni mojawapo ya sehemu tano zinazounda jiji la New York, na wengi wa wakazi wake ni watu wa kipato cha chini na wahamiaji. Mwaka 1895 matajiri na wasomi wa jiji lile waliunda Jumuiya ya Zuolojia ya New York, na tarehe 8 Novemba 1899 bustani ikafunguliwa. Ina ekari 265, na mto Bronx unapita katikati yake. Jumuiya ile leo inaitwa Wildlife Conservation Society, au WCS, jina ambalo wengi wenu mnalijua kwa sababu lina watafiti hapa kwetu, Ruaha na Nyanda za Juu Kusini. Ni watafiti wake, chini ya Tim Davenport, waliomtangazia ulimwengu mwaka 2005 habari za kipunji, nyani wa mlima Rungwe ambaye wenyeji walikuwa wakimjua siku zote.

Ukiingia unakutana kwanza na majengo ya kale ya mawe na matofali yaliyozunguka bwawa la simba-bahari. Kuta zake zimechongwa vichwa vya wanyama. Majengo yale yalijengwa ili mgeni astaajabu, si ili mnyama astarehe. Simba aliishi kwenye chumba chenye nondo, watu wakipita mbele yake kama wanaopita mbele ya vitu vya dukani. Mwaka 1941 ndipo bustani ilipofungua sehemu waliyoiita Nyika za Afrika, ambako nondo ziliondolewa na handaki likachimbwa baina ya simba na swala, na baina ya simba na watu. Mgeni aliyesimama pale aliwaona simba na swala katika mandhari moja. Kwa macho ya leo ni jambo dogo. Kwa mtoto wa Bronx wa wakati ule, huenda ilikuwa mara ya kwanza kuelewa kwamba simba ana mahali pake, na kwamba mahali pale pana majani, pana swala, na pana umbali.

Kabla ya hapo ilikuwapo kazi ya baisani, wale nyati wenye manyoya wa Marekani. Walikuwa mamilioni kwa mamilioni kwenye mbuga za katikati ya nchi ile. Kufikia mwisho wa karne ya 19 waliwindwa hadi wakabaki wasiozidi elfu moja hivi. William Hornaday, mkurugenzi wa kwanza wa bustani, aliwafuga Bronx, na mwaka 1907 akapakia 15 kwenye treni, wakasafirishwa hadi Oklahoma kwenye hifadhi ya Wichita. Walipofika, Wakomanchi, wenyeji wa asili wa nyanda zile, walikuja kuwatazama, wakubwa kwa wadogo, akiwamo kiongozi wao Quanah Parker. Wazee waliokuwapo walikuwa wamewahi kuishi kwa nyama na ngozi za wanyama hao. Watoto wao walikuwa wakiwaona kwa mara ya kwanza. Mnyama amezaliwa au kulelewa ndani ya jiji kubwa, amerudishwa kwenye nyasi za asili yake, na wenyeji wa nyasi hizo wamesimama kumpokea. Hapo bustani ilifanya kazi inayostahili kusimuliwa.

Lakini Hornaday huyohuyo, katika bustani hiyohiyo, mwaka mmoja tu kabla ya treni ile, alifanya jambo ambalo mimi siwezi kulipita kimya mbele ya hadhira ya Kiafrika.

Mwezi Septemba 1906, ndani ya Nyumba ya Nyani ya Bronx, aliwekwa mtu. Jina lake Ota Benga, Mmbuti kutoka Kongo, enzi ambayo Kongo ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mmarekani aitwaye Samuel Verner alimchukua kwao na kumpeleka kwenye maonyesho makubwa ya St. Louis ya mwaka 1904, na baadaye akamfikisha New York. Akawekwa pale pamoja na orangutani, na maelfu ya watu wakamiminika kumtazama, wakimcheka, wakimfuata hata alipotoka kutembea kwenye viwanja vya bustani. Meno yake yalikuwa yamechongwa kwa mila za kwao, na watu walimtaka awaonyeshe.

Waliosimama kumtetea walikuwa wachungaji weusi wa jiji lile, wakiongozwa na Mchungaji James Gordon aliyekuwa akisimamia kituo cha yatima weusi huko Brooklyn. Walikwenda hadi kwa meya, naye akakataa kuwapokea. Hawakunyamaza. Kabla mwezi haujaisha Ota Benga akatolewa, akapelekwa kwenye kituo cha Mchungaji Gordon. Baadaye aliishi Lynchburg, Virginia. Alitaka kurudi kwao Kongo, lakini njia ikazidi kuziba. Mwezi Machi 1916 alijiua.

Jumuiya inayoendesha bustani iliomba radhi hadharani mwezi Julai 2020. Hesabuni wenyewe: ni miaka 114. Katika tamko hilo waliwataja pia waanzilishi wao wawili, Madison Grant na Henry Fairfield Osborn, kwa mawazo yao ya ubaguzi wa rangi. Grant alikuwa mtetezi mkubwa wa wanyama wa Marekani na wakati huohuo mwandishi wa nadharia za kuwatukuza watu weupe wa kaskazini mwa Ulaya.

Kwa nini nasimulia haya kwenye mkutano wa elimu ya uhifadhi? Kwa sababu ni somo la uhifadhi. Watu wale waliweza kumhurumia baisani na wasimhurumie Mmbuti, kwa kuwa walichokitaka kilikuwa kitu cha kutazama, na kila kilichoingia machoni mwao kiligeuka kuwa maonyesho. Nasi tujichunguze. Tunapomfundisha mtoto kwamba tembo ana thamani, halafu tukanyamaza juu ya mkulima ambaye shamba lake la mahindi limelaliwa na tembo usiku, tunarudia kosa lilelile kwa sura nyingine. Mnyama tumemtoa kwa watu, na watu tumewatoa kwenye hesabu. Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi kwenye bustani yoyote yenye umri wa karne au zaidi aulize: hapa palifanyika nini zamani? Watoto wanaweza kubeba ukweli huo. Wanaupokea vizuri kuliko sisi tunavyodhani.

Mwaka 1963 bustani ya Bronx ilijaribu namna nyingine ya kufundisha. Katika nyumba ya nyani wakubwa waliweka kioo cha kujitazamia nyuma ya nondo, chenye maandishi yaliyosema kwamba hapa unamwona mnyama wa hatari kuliko wote duniani. Mgeni alisogea akajiona mwenyewe. Kioo kile kilipata sifa sana na bado kinatajwa. Mimi sikipendi. Kinasema kweli nusu tu. Kinamwambia mfanyabiashara wa pembe na mtoto wa darasa la tatu kwamba wana hatia sawa, kisha kinawaacha hapo bila kuwapa la kufanya. Mtoto anayefundishwa kwamba yeye ni mharibifu hujifunza kukata tamaa.

Kuna njia iliyo bora zaidi, nayo ilianza palepale Bronx mwaka 1999 walipofungua sehemu ya masokwe iitwayo Msitu wa Gorila wa Kongo. Mgeni alipita kwenye njia ya msitu, akaingia ukumbini kutazama filamu fupi, filamu ilipokwisha pazia likafunguka, na nyuma ya kioo kikubwa kukawa na masokwe wenyewe, hai, wakila majani. Lakini kilichonivutia mimi si pazia. Sehemu ile ilikuwa na kiingilio chake, na kabla ya kutoka mgeni aliulizwa fedha yake iende wapi: kwenye mradi gani wa uhifadhi wa Afrika ya kati, kwa mnyama yupi. Akachagua. Mtoto mwenye dola za mzazi wake akasimama akafikiri, huyu au yule? Kwa dakika moja alikuwa na uamuzi mkononi unaohusu msitu halisi. Sehemu ile imekusanya mamilioni ya dola kwa ajili ya Kongo na majirani zake. Kama nina malalamiko, ni kwamba mtoto wa Bronx alipewa nafasi ya kuchagua na mtoto anayeishi ukingoni mwa msitu huo hakuulizwa.

Sasa nifike Kihansi.

Wengi wenu mna umri wa kukumbuka jinsi habari hii ilivyopokelewa mitaani. Vyura wamepandishwa ndege kwenda Marekani! Watu walicheka kwenye daladala na vijiweni. Fedha za nini, kwa chura? Hatuna dawa zahanati, tunasafirisha vyura? Sishangai kwamba watu waliuliza hivyo, kwa sababu hakuna aliyekaa nao akawaeleza. Basi leo tukae.

Mto Kihansi unashuka kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa, mpakani mwa mikoa ya Iringa na Morogoro. Unaposhuka kwenye korongo lake unaanguka kwa nguvu, na maporomoko yale yalikuwa yakirusha manyunyu mchana na usiku, mwaka mzima, masika na kiangazi. Pembeni mwa maporomoko paliota majani na kuvumwani vilivyolowana siku zote. Ni eneo la hekta chache tu. Mashamba ya familia mbili tatu yangelimeza lote. Mwaka 1996, wakati wa uchunguzi wa mazingira uliohusiana na mradi wa umeme, watafiti walikuta ndani ya manyunyu yale chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye sayansi haikuwa na habari naye. Hadi leo hajapatikana mahali pengine popote duniani. Miongoni mwa waliomtambulisha kwa sayansi alikuwamo Kim Howell, mwalimu wa miaka mingi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Ni chura wa ajabu. Jike mkubwa hafiki sentimita 3, na dume ni mdogo zaidi. Hatagi mayai majini kama vyura mnaowajua, wala hana ndubwi wa kuogelea kwenye dimbwi. Anazaa watoto waliokamilika, vichanga vya milimita 5 hivi. Mtoto akizaliwa anaweza kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba chako na nafasi ikabaki.

Mradi wa Kihansi ni wa megawati 180. Nataka hili lisikike vizuri, kwa sababu wapo watetezi wa mazingira wanaousimulia mkasa huu kana kwamba umeme ni upuuzi. Si upuuzi. Wakati ule nchi ilikuwa na kiu kubwa ya umeme, na mitambo ile ilikuja kuwa sehemu muhimu ya gridi ya taifa. Lakini bwawa lilijengwa juu ya maporomoko, na mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji, takriban asilimia 90, ikaelekezwa kwenye handaki linalokwenda kwenye mitambo. Korongo likanyamaza. Manyunyu yakakoma, majani yakaanza kukauka, na chura anayeishi kwa manyunyu akabaki hana anga.

Mambo mawili yakafanyika kwa haraka. Kwanza, serikali na wafadhili walifunga mabomba ya kunyunyiza maji korongoni ili kuiga manyunyu ya asili. Pili, mwishoni mwa mwaka huohuo 2000, vyura 499 walichukuliwa kwa makubaliano na serikali ya Tanzania wakapelekwa Bronx, na kutoka pale baadhi wakagawiwa kwenye bustani nyingine za Marekani, wawe akiba endapo mambo yataharibika korongoni.

Yakaharibika. Mabomba yalifanya kazi, na katikati ya mwaka 2003 makadirio ya idadi ya vyura korongoni yalikuwa karibu 20,000. Halafu ghafla wakaporomoka. Ugonjwa wa fangasi wa ngozi, kitridi, ambao umeua vyura wa aina nyingi duniani, ulikutwa korongoni wakati huo. Mwezi Januari 2004 watafiti waliotafuta waliona vyura watatu tu, na kusikia sauti za madume wawili. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, likatangaza kwamba chura wa Kihansi ametoweka katika makazi yake ya asili.

Na huko Marekani? Wengi walidhani kumpeleka bustanini ni kumwokoa moja kwa moja. Haikuwa hivyo. Vyura walikufa kwa wingi katika miaka ya mwanzo. Hakuna aliyewahi kumfuga mnyama huyu. Watunzaji walitakiwa kujifunza kila kitu kuanzia mwanzo: joto gani, taa ya namna gani, maji yachujweje, chura mdogo hivi anakula nini. Ilifika mahali wakabaki wasiofika 100 katika dunia nzima. Bustani nyingi zilishindwa. Mbili tu ndizo zilizoendelea nao, Bronx na Toledo kule Ohio, na taratibu vyura wakaanza kuzaliana.

Nimewaona. Wamewekwa katika Nyumba ya Reptilia, ambayo ni mojawapo ya majengo ya kwanza kabisa ya bustani, ya mwaka 1899. Unapita mamba, unapita chatu, watu wamejazana huko, halafu unafika kwenye kisanduku cha kioo ambacho mwanzoni unadhani kina majani matupu. Ndani kuna kuvumwani, jani pana, na mdomo mdogo wa bomba unaotoa ukungu. Inabidi usogee na utulie. Kisha jani linaonekana kuwa na doa la njano, doa linapumua, na ukishamwona mmoja macho yanafunguka, unaona kumi. Mmoja alikuwa amejibana kwenye kioo, tumbo lake jeupe limeangaza kiasi cha kuona mapigo chini ya ngozi. Nyuma yangu bibi mmoja alimsomea mjukuu wake maandishi ya ukutani kwa sauti, na alipofika kwenye jina la Tanzania mtoto akauliza, "Wamarekani waliwaiba?" Bibi akaendelea kusoma hadi akapata jibu: hapana, wanawatunza hadi warudi kwao.

Mtoto yule aliuliza swali sahihi, na jengo lilikuwa na jibu. Hivyo ndivyo bustani inavyofundisha.

Maana ni kweli walirudi. Mwezi Agosti 2010 vyura 100 walisafirishwa kutoka Bronx na Toledo hadi Dar es Salaam, wakapokelewa katika kituo maalumu cha kuwazalishia kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya wataalamu wa Kitanzania waliokuwa wamepata mafunzo ya kuwatunza. Mwaka 2012 vyura wapatao 2,000 wakarudishwa korongoni. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa aina ya chura iliyotangazwa kutoweka porini kurudishwa kwenye makazi yake. Kazi haijaisha, na si nyepesi: fangasi bado ni tishio, mabomba yanahitaji matengenezo, na anayeingia korongoni lazima asafishe viatu kwa dawa ili asiingize maradhi. Lakini mnyama ambaye taifa zima lilimcheka ana watu wanaomwamkia kila siku, hapa na kule.

Nina swali kwenu walimu. Mtoto wa Bronx anaweza kushuka kwenye treni ya chini ya ardhi, akaingia Nyumba ya Reptilia, akajua habari zote hizi kabla ya chakula cha mchana. Mtoto wa Kilombero, wa Mufindi, wa Kilolo, ambaye taa ya nyumbani kwao huenda inawashwa na maji ya Kihansi, anazijua? Nimeuliza katika shule ninazopita. Wengi wamesikia kwamba kuna vyura walipelekwa Ulaya. Basi. Hata bara lenyewe wamelikosea. Hawa ndio wenye chura. Wao ndio watakaokuwa mafundi wa mabomba yale, wahandisi wa bwawa lijalo, madiwani watakaopitisha au kukataa mradi. Elimu ya chura wao inapatikana kwa tiketi New York, na kwao haipo hata kwa picha ukutani.

Sitaki kumaliza bila kugusa upande wa pili, kwa sababu vijana wataniuliza. Je, ni haki kumfungia mnyama ili sisi tujifunze? Jibu langu linategemea mnyama. Chura wa sentimita 2 kwenye kisanduku chenye ukungu anapata karibu kila alichokuwa nacho korongoni. Tembo hapati. Bronx ilikuwa na tembo jike aitwaye Happy, maarufu kwa kujitambua kwenye kioo katika jaribio la mwaka 2005, na mawakili walikwenda mahakamani kudai aachiwe kama anavyoachiwa mtu aliyefungwa kinyume cha sheria. Mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York iliwakatalia mwaka 2022, majaji watano kwa wawili. Sheria sawa, wameamua. Kwa maoni yangu tembo hana nafasi katikati ya jiji, na elimu inayopatikana kwa kumtazama akizunguka uwanja uleule haistahili gharama anayoilipa yeye.

Na je, ziara zenyewe zinafundisha? Mtafiti Eric Jensen alilipima hilo katika bustani ya London, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014. Alichukua wanafunzi zaidi ya 2,800 wenye umri wa miaka 7 hadi 15, akawapa karatasi kabla ya ziara wachore makazi ya mnyama pamoja na mimea na viumbe vyote wanavyofikiri vipo pale. Baada ya ziara wakachora tena. Waliotembea na mwelimishaji wa bustani, asilimia 41 michoro yao ilionyesha kwamba wamejifunza jambo. Waliotembea bila mwelimishaji, asilimia 34. Wapo pia waliorudi na mawazo potofu kuliko waliyokwenda nayo, na waliotembea wenyewe ndio waliokuwa wengi zaidi katika kundi hilo. Mimi nasoma takwimu hizo hivi: hata bustani tajiri yenye miaka karibu 200 inawaacha zaidi ya nusu ya watoto pale ilipowakuta. Kinachosaidia ni mtu anayezungumza nao. Na watu wa kuzungumza na watoto tunao. Ninyi hapa.

Kwa hiyo ombi langu si kwamba tujenge Bronx yetu. Naomba mambo madogo. Chuo Kikuu kina kituo cha vyura. Tuandike kwa pamoja kuomba wanafunzi wa klabu waruhusiwe kuona angalau kutoka nyuma ya kioo, kwa taratibu zote za usafi. Shule zilizo karibu na Kihansi zipate picha kubwa ya korongo na chura, yenye maelezo ya Kiswahili, na jina la mtaalamu wa Kitanzania anayemtunza. Na kila klabu ifanye zoezi la michoro, kabla na baada ya somo, ili tujue tunafundisha au tunapiga kelele.

Zoezi hilo ni rahisi. Mpe mtoto karatasi tupu, mwambie achore korongo la Kihansi na kila anachodhani kinaishi ndani yake. Usimsaidie. Andika jina na tarehe nyuma. Fundisha kwa wiki mbili, kisha umpe karatasi nyingine. Angalia kama manyunyu yameonekana, kama bwawa lipo, kama kuna nguzo ya umeme, kama kuna mtu yeyote kwenye mchoro. Mimi huangalia hilo la mwisho kabla ya yote.

Karatasi na kalamu za rangi ziko mezani pale mlangoni, zimefungwa kwa mafungu ya darasa moja moja. Walimu wa Mufindi na Kilombero wachukue kwanza, kisha wengine. Mtakaopenda barua ya kwenda Chuo Kikuu iwe na saini ya shule yenu, nitakaa hapa mbele hadi saa saba. Maswali nayapokea sasa, tuanze na vijana.